Kitambaa Cheusi kwenye Baiskeli ya Mzee Funguo

Mama Cherehani alijiandaa kunyanyua kitu kizito, na mkono wake ukapaa hadi usawa wa sikio, kama mtu aliyeshika ndoo akidhani imejaa kumbe haina hata tone. Alikitazama kile kitu cheusi chenye miguu miwili, akamtazama kijana wake wa mwisho aliyekuwa amechuchumaa barazani katikati ya spana.

"Hii ndiyo foku? Ndiyo itakayoshika gurudumu la mbele?"

"Ndiyo yenyewe, Mama."

"Wewe mtoto una akili timamu? Hii hata paka haimbebi."

Kitindamimba alicheka. Wote nyumbani walimwita hivyo ingawa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, fundi wa majokofu anayetegemewa na nusu ya mabucha ya mji. Siku za mapumziko aliendesha baiskeli na wenzake, wale wa nguo za kubana zinazowafanya majirani wageuze macho pembeni. Fremu ya baiskeli yake ilikuwa imepasuka, lakini alikuwa na vipuri vya kaboni vipya kabisa alivyovitafuta huku na huko: foku, usukani na nguzo ya kiti. Ndipo alipoikumbuka baiskeli ya baba yake iliyoning'inia stoo tangu msiba.

"Nataka itembee, Mama. Ikikaa pale itaoza."

Mama alikataa, akanuna, akasali, na mwisho akakubali kwa masharti. Kengele isiguswe. Na keria ya nyuma ibaki mahali pake, kwa sababu keria ile ilikuwa kiti chake.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya chuma tangu mbele hadi nyuma, rangi yake ya kijani imefifia pale goti la mwenyewe lilipokuwa likisugua. Mzee Funguo aliinunua akiwa kijana asiye na mke. Alipokwenda kuposa alifika nayo imeng'arishwa hadi mtu anajiona usoni, na shangazi wa binti akauliza mbele ya wageni, "Sasa hapa anayeposa ni nani, huyu bwana au baiskeli?" Wakacheka, na posa ikapokelewa.

Alikuwa fundi kufuli, na baiskeli ndiyo ilikuwa ofisi yake. Kwenye keria alifunga sanduku la mbao lenye tupa, koleo na waya za kila namna. Mbele, kwenye shingo ya usukani, alizungushia ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, na juu ya mpira huo alitundika rundo la funguo ambazo hazijachongwa meno. Ulimsikia kabla hujamwona. Mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akisikia ule mlio unaokuja barabarani, moyo ulikuwa unatulia.

Lakini hakufungua mlango wa mtu hivi hivi. Kwanza aliuliza, "Nyuma ya mlango huu kuna nini kimetundikwa?" Mwenye nyumba hujibu bila kufikiri: koti la mvua, khanga, kalenda ya mwaka juzi. Anayesita, Mzee Funguo alikuwa anapanda baiskeli yake na kuondoka. Hakuna polisi aliyemfundisha. Ilikuwa njia yake tu, na kwa miaka yote ile hakuna mwizi aliyeingia nyumba ya mtu kwa mkono wake.

Uongo hakuujua. Siku moja aliitwa kwa mwanamke mmoja mwenye jumba la ghorofa, akaikagua kufuli, akasema, "Mama, kufuli yako nzima. Unaizungusha kinyume." Akarudi nyumbani hajafungua hata sanduku. Mama Cherehani akamwambia, "Si ungeigonga gonga kidogo mbele yake, na wewe uonekane umefanya kazi?"

"Mwenzangu," alimjibu, "ile kufuli ingenisuta."

Basi mtu wa namna hiyo alikufa asubuhi moja yenye jua, akiwa njiani kwenda kumfungulia mlango mkunga aliyesahau funguo ndani. Alikuwa anashuka mteremko wa kiwanda cha maziwa. Gari la mikate lilikuwa linapanda. Watu walisikia breki, walipogeuka wakamwona Mzee Funguo mtaroni, baiskeli juu yake, na gari limesimama upande katikati ya njia. Dereva wa mikate alimbeba mwenyewe, akamlaza nyuma ya gari kati ya makreti ya mikate ya moto, akakimbia naye hospitali. Walipofika, hakukuwa na mgonjwa tena.

Msibani dereva yule alikuja. Alisimama mlangoni, kofia ameikunja mikononi, akasema, "Mama, Mungu ni shahidi, sikumgusa. Na marehemu alinituma kwako, alisema—"

Hakumaliza. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu, alisimama kwenye mkeka akanguruma, "Toka! Umemuua, na sasa unataka kujitetea kwa mdomo wa maiti?"

Vijana walimtoa nje. Mama Cherehani aligeuza uso ukutani. Ndivyo alivyofanya, akaugeuza ukutani, na maneno yaliyokuwa yanakuja yakarudi na mwenyewe.

Polisi hawakuona mkwaruzo kwenye gari, wakamwachia. Mtaa haukumwachia. Gari la mikate likipita, milango ilifungwa; mwenye kiwanda cha mikate akaona biashara inakufa, akampokonya dereva usukani na kumpeleka ghalani kubeba magunia ya unga. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Ulipofika wakati wa kupeana mikono ya amani, Mama Cherehani alikuwa anainama kutafuta kitu kwenye mkoba, kila Jumapili, mpaka wakati ule upite. Na katika ile sala ya kusameheana kuna sentensi moja alikuwa anaifumba mdomoni. Aliona Mungu anamwelewa.

Sasa, mwaka mmoja na ushee baada ya msiba, alikuwa barazani ameshika foku nyepesi kama ganda la yai.

"Imetengenezwa na nini hasa?"

"Nyuzi, Mama. Nyuzi za kaboni. Zinafumwa, zinalowekwa kwenye gundi, halafu zinaokwa kwenye tanuri."

"Zinafumwa?" Mama alishusha miwani kutoka kichwani. Alikuwa ameshona sare za shule tangu usichana wake, na hakuna kitambaa kilichompita. Akaipeleka foku kwenye mwanga, akaigeuza, na chini ya rangi ya kung'aa akaona vistari vimelala mshazari, vimepandana juu chini, juu chini. Mdomo ukabaki wazi. "Yesu wangu. Huu mfumo naujua. Huu ni wa jinzi!"

"Ndiyo huo huo."

"Kwa hiyo unamvalisha baba yako suruali ya jinzi?"

"Namvalisha, Mama. Kafa hajawahi kuivaa."

Alicheka hadi akajishika ubavu, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Lakini kitambaa kinachanika, mwanangu. Chuma kikichoka kinapinda, kinapiga kelele, kinakuonya. Hiki kitakuonya na nini?"

"Ndiyo maana kinafungwa kwa kipimo." Akamwonyesha spana ndefu yenye namba shingoni. "Ikifika inapotakiwa inalia tik, unaacha. Ukikaza kwa hasira kama unavyokaza chuma, kinapasuka kwa ndani na nje huoni kitu."

Alianza na nguzo ya kiti. Ile ya chuma ilitoka kwa shida, ikilia kama mlango mbovu. Mama akaingia ndani na kurudi na kopo la grisi la marehemu, bado lina alama ya kidole chake. Mzee Funguo hakuwahi kuunganisha vyuma viwili bila grisi.

"Chukua. Baba yako angekuuliza."

"Kwenye kaboni hapana, Mama. Itateleza, kiti kizame mpaka chini. Hii inapakwa dawa yake." Akafungua kichupa laini, akaminya uji wenye punje punje, akaupaka ndani ya bomba la fremu.

Mama aliugusa kwa kidole, akaukoroga. Akashtuka. "Huu ni mchanga!"

"Ni kama mchanga. Ndio unaoishikilia."

"Mume wangu alihangaika miaka yote kuutoa mchanga kwenye baiskeli hii. Kwa brashi! Kwa kitambaa changu cha bitana! Na wewe unaununua dukani na kuutia kwa mkono wako?" Alikaa kwenye kigoda chake, kopo la grisi mapajani. "Haya. Endelea. Leo nimekuja kuona mengi."

Hakujua alichokuwa anakisema.

Kitindamimba aligeukia mbele. Usukani ulikuwa umekaa upogo tangu siku ya ajali, na kila mtu alijua umepinda kwa kuanguka. Alitoa gurudumu. Alishusha lile rundo la funguo kwa upole, akalilaza juu ya gazeti. Kisha akachukua kisu na kuukata ule ukanda wa mpira uliozungushwa kwenye shingo ya usukani. Mpira ukafunguka. Akaifuta shingo kwa kitambaa, akainamia karibu, akapitisha ukucha mahali fulani.

"Nini?" Mama aliuliza.

"Hakuna."

Alilegeza nati ya juu, akagonga kidogo kwa nyundo, akaichomoa shingo pamoja na usukani wake. Ilitoka upesi mno. Kisha akashika spana kubwa na kuzizungusha zile nati mbili zinazobana foku kwenye fremu, taratibu, mkono mmoja chini ili gololi zisimwagike.

Gololi zilimwagika. Ziliruka barazani kama mtama, nyingine hadi uani, na foku ya zamani ikadondoka sakafuni kwa kishindo. Lakini kipande chake cha juu hakikwenda nayo. Kilibaki ndani ya nati, mkononi mwa Kitindamimba, kifupi kama kizibo cha chupa.

Kuku mmoja alikuja kudonoa gololi akadhani chakula, akaiacha.

"Umeivunja," Mama alisema.

"Sijaivunja."

"Nimeona kwa macho yangu, umezungusha ikakatika."

"Mama, njoo uangalie. Tafadhali njoo."

Alikwenda, akapiga magoti sakafuni. Kijana alikiweka kile kipande kwenye kiganja chake, upande uliokatika ukitazama juu. Mviringo wa chuma. Sehemu kubwa ya mviringo ule ilikuwa ya kahawia, kutu ya zamani iliyokauka na kulainika kama ngozi. Inayofuata ilikuwa na kutu changa, nyepesi. Na pembeni kabisa, sehemu nyembamba kuliko ukucha ilikuwa nyeupe inang'aa. Hiyo ndiyo iliyoachia sasa hivi.

"Hapa palianza kukatika zamani," Kitindamimba alisema. "Baba bado yuko hai. Kidogo kidogo, kila akipita kwenye shimo. Maji yakawa yanaingia, kutu inakula. Halafu hapa, kwenye kutu changa, ndiyo siku ile. Bomba lilifunguka kama mdomo, usukani ukazunguka peke yake, gurudumu likabaki linakwenda linakotaka." Alikinyanyua kile kipande. "Hakugongwa, Mama. Alikuwa hana usukani."

Mama Cherehani alikitazama kile kipande tena. Chuma kile alichokiamini, chuma kinachopiga kelele na kuonya, kilikuwa kimekaa kimya ndani ya mpira mweusi, kimejificha, na yeye amekaa nyuma yake kila Jumapili akiwa na Biblia mapajani.

"Mbona kilikatika? Baiskeli za watu zinakaa miaka yote hiyo."

Kitindamimba alikusanya gololi moja moja.

"Nakuuliza wewe."

"Shingo ilikuwa imevutwa juu kupita kiasi." Aliichukua ile shingo, akamwonyesha mstari mdogo uliochongwa kwenye chuma. "Mstari huu unatakiwa uzame ndani, usionekane. Ukionekana, maana yake shingo inashikilia pembeni tu, pale bomba lilipo dhaifu. Baba aliuvuta ukatoka nje. Sijui kwa nini. Mtu mwenye macho yale..."

Mama alijua kwa nini.

Ilikuwa Jumapili moja kabla ya mvua, wametoka ibadani. Mzee Funguo alipenda kuongea njiani: mahubiri, mwanakwaya aliyekosea, watoto. Lakini usukani wake ulikuwa chini, mgongo ameuinamisha, na maneno yote yalikwenda mbele na upepo. "Husikiki!" mkewe alimwambia. "Naambulia upepo na makalio yako tu. Uinue huo usukani ukae wima kama watu, na mimi nipate mazungumzo."

Mzee alipinga. Akasema atakaa kama mwenyekiti wa mkutano. Akasema baiskeli ilizaliwa hivyo. Mkewe hakuacha, alimsema jikoni, akamsema kitandani, mpaka Jumamosi moja akaikuta baiskeli usukani uko juu, na ukanda mpya wa mpira umezungushwa nadhifu. Wiki nzima Mzee alinung'unika kwamba mgongo haumtambui. Lakini kuanzia Jumapili ile, Mama Cherehani alimsikia njia nzima, kwenda na kurudi.

Mtu aliyeona jino la ufunguo lililopungua kwa unene wa unywele, angekosaje kuuona mstari ule? Aliuona. Akaufunika.

"Ni mimi," alisema, angali amepiga magoti. "Mimi ndiye niliyemwambia auinue."

Geti lililia. Baba Mkubwa aliingia na fimbo yake, kama ilivyokuwa desturi yake kila Jumamosi kuja kunywa chai kwa shemeji yake. "Hodi humu! Mbona mmekaa chini kama mnaotafuta sindano?" Kisha akaviona vile vyuma.

Kitindamimba alimweleza yote, ila lile la nani aliyeomba usukani uinuliwe. Baba Mkubwa alisikiliza akitikisa kichwa tangu neno la kwanza.

"Kimevunjika kwa kugongwa!"

"Baba Mkubwa, kutu haiingii kwa siku moja. Angalia rangi hizi. Na baada ya msiba baiskeli ilikaa stoo, pakavu."

Baba Mkubwa aliishika foku, akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali. Aliiweka chini kana kwamba imemuunguza. Chai ililetwa, hakuinywa. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Mambo haya yameshapita. Marehemu amelala. Mkianza kuvitembeza hivi vyuma, watu watasema nini juu yetu? Vitupeni, shemeji. Mungu anajua, inatosha."

"Mama," Kitindamimba naye alisema, hamtazami, "tunaweza kunyamaza. Si lazima watu wajue usukani uliinuliwa kwa ajili ya nini."

Mama Cherehani alisimama. Akaingia chumba cha cherehani, akarudi na kipande cha kitambaa cha sare, kile cha buluu, akavifunga humo vyuma vyote viwili na kupiga fundo.

"Shemeji, nyuma ya mlango huu kuna nini kimetundikwa?"

Baba Mkubwa alimkodolea macho. "Mlango gani?"

"Umeona? Tulikuwa tunafungua mlango wa mtu bila kuuliza; yule dereva hatukumwacha hata amalize neno." Akajitanda khanga. "Yule mtu yuko ghalani anabeba magunia, na Mungu unayesema anajua, anajua na hilo. Kitinda, funga hivyo vitambaa vyako. Fuata kipimo. Mimi narudi."

Njiani kote alitembea akilikumbatia lile fundo. Kuwa na hasira na mtu mwaka mzima kulikuwa kumempa mahali pa kuegemea. Sasa pale pa kuegemea pameondolewa na yeye angali amesimama, haelewi kwa nini haanguki. Alijaribu kusali, na sala zikawa hazina miguu. Kila alipoanza "Bwana, nisamehe" alikutana na sentensi aliyoiruka.

Ghala la kiwanda cha mikate lilikuwa nyuma, karibu na tanuri. Dereva wa mikate alikuwa anashusha gunia begani. Alikuwa mweupe wote kwa unga, nyusi hadi viatu, na alipomwona nani amesimama mlangoni, gunia lilimponyoka likapasuka.

"Mama. Kuna tatizo? Mimi siku hizi siendeshi, waulize, hata ufunguo wa gari sishiki—"

"Hakuna tatizo, ndugu yangu. Njoo uone kitu."

Alifungua fundo juu ya rundo la magunia. Alimweleza pole pole, kama alivyoelezwa yeye: kutu kuu, kutu changa, mstari. Alipofika kwenye sababu ya usukani kuinuliwa hakuiruka. Alisema, "Nilimwambia mimi."

Dereva alipitisha kidole kwenye ule mviringo wa kahawia, akakirudisha, akakipitisha tena. Mama alitegemea atafurahi, au atamtukana, na alikuwa tayari kwa yote mawili. Mtu yule alikaa chini kwenye unga uliomwagika, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Mama, mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nilimgusa."

"Wewe?"

"Kila mtu anasema. Mke wangu alinyamaza, lakini nikajua anawaza. Basi nikawa nikifumba macho naliona gari linamgusa. Naona kabisa! Nikaenda kwa mchungaji nikatubu." Akacheka kicheko kibaya, machozi yakichora njia kwenye unga wa mashavu. "Nimetubu kitu ambacho sikukifanya, mama. Sasa ile toba inakwenda wapi?"

Mama Cherehani alikaa naye chini, khanga yake na unga wote, akamshika mkono, mkono ule aliokuwa akiukimbia kwa kuinamia mkoba kila Jumapili. Ulikuwa wa moto na mgumu.

"Kesho kanisani nitasimama mbele za watu niseme. Na mwenye kiwanda namfuata leo hii. Lakini kwanza nisamehe. Na pili, siku ya msiba ulisema alikutuma. Sikukuacha umalize. Maliza."

Dereva alifuta pua kwa mkono. "Ni maneno ya ajabu ajabu, mama. Nilidhani ameshaanza kuweweseka. Na baada ya kufukuzwa, nikaona hata nikiyasema hayana maana."

"Yaseme hivyo hivyo."

"Alikuwa kati ya makreti, ananishika suruali. Akasema, 'Mwambie mama watoto, ule usukani niliuinua kwa kutaka kwangu. Nilikuwa naupenda juu.' Nikamwambia mzee tulia, usijichoshe. Akarudia tena, kwa nguvu, kama anayegomba. 'Mwambie niliupenda juu tangu zamani. Asije akajisemea mengine.' Basi. Hakusema tena." Alimtazama. "Inakuwaje mtu anakufa, anaongea habari za usukani?"

Mama Cherehani aliufunika mdomo wake kwa kiganja. Dereva alidhani analia. Kisha akadhani anacheka. Kisha akaacha kudhani.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Baba Mkubwa alishaondoka, fimbo yake ameisahau ukutani. Baiskeli ilikuwa imesimama uani kwa magurudumu yake yote mawili, fremu ile ile ya kijani, na mbele yake foku nyeusi na usukani mweusi. Kengele ilikuwa mahali pake. Keria pia. Kitindamimba alikuwa ananawa mikono.

"Mama, una unga mwili mzima. Alikubali kukuona?"

"Alinipokea."

"Na lile neno aliloagizwa na Baba? Alikuambia?"

"Aliniambia. Baba yako alisema uongo."

Kopo la maji lilibaki hewani. "Baba? Baba yangu mimi? Uongo?"

"Mkubwa. Na akaurudia."

Alikwenda hadi kwenye baiskeli, akauweka mkono wa unga juu ya ile foku ya kitambaa, akausikia mshazari wake chini ya kidole. Kisha akajikusanya, akakaa kwenye keria upande upande, kama alivyokuwa akikaa. Kitindamimba akaja mbio kuushika usukani.

Alikuwa anamjua Mungu kuwa mkali kwa waongo. Alifundishwa hivyo na amewafundisha hivyo wanawe. Akiwa amekaa pale, miguu inaning'inia, alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali: huo mmoja, Bwana, usimwandikie.